Mdogo wangu kaumia goti, nimemuonesha filamu ya kumtia moyo, kaniuliza swali limenishinda

#1 Mwana wa Wawi
Asalaam aleikum wanajukwaa.

Mdogo wangu ana miaka 17, ni winga, anachezea timu ya vijana hapa Chake, Pemba. Mwezi wa pili, mechi ya jioni, aligeuka na mpira peke yake, hakuguswa na mtu, goti likalia. Mie nilikuwa nimesimama karibu na kibendera cha kona, ule mlio niliusikia kwa masikio yangu, kama kijiti kibichi kinavyokatika. Tangu siku ile njumu zake zimetundikwa msumarini nyuma ya mlango. Zile punje nyeusi za nyasi bandia bado zimo ndani na hataki mtu azikung'ute.

Wiki iliyopita nikaona nimtie moyo. Nikamtafutia Soul Surfer, ile filamu ya 2011 ya msichana wa Hawaii aliyekatwa mkono na papa. Mtoto wa miaka 13, mkono wa kushoto umekwenda wote, anamuomba Mungu, anarudi baharini kuteleza juu ya mawimbi kwa mkono mmoja. Mie nimeitazama mara tatu na mara zote tatu nimelia. Basi tukakaa sebuleni, mama yupo, bibi yupo anauliza kila dakika papa katokea wapi. Ilipomalizika, yule kijana hakulia. Kakaa kimya, mguu juu ya mto, halafu kaniambia: "Kaka, kwani mie sisali?"

Sikuwa na jawabu. Anasali. Tena anasali kuliko mie.

Suala langu kwenu: hizi filamu za vijana wanamichezo wanaoumia vibaya wakainuka kwa imani, zinawajenga vijana wetu, au zinawatwisha mzigo mwengine juu ya ule wa goti?

#2 Mtegaji wa Dema
Wa aleikum salaam. Pole kwa dogo, Mungu amuafu. Na bibi naye ajibiwe, papa katokea wapi?

#3 Kasa Mweupe
Filamu hiyo naijua na naitetea. Bethany Hamilton si mtu wa kutungwa. Ilikuwa 31 Oktoba 2003, kisiwa cha Kauai, asubuhi. Kalala juu ya ubao wake, mkono unaning'inia majini, papa akaja mara moja tu. Alipoteza zaidi ya nusu ya damu yake. Na haukutimia mwezi akarudi majini! Mwisho wa filamu anachukua ubingwa. Kijana akiyaona yote hayo akavunjika moyo, basi lawama si ya filamu. Mwambie dogo avute subira, Mola hamtupi mja wake.

#4 Taa ya Forodhani
Kasa Mweupe, hapo mwisho umeteleza. Kwenye filamu hachukui ubingwa. Wimbi lake kubwa la mwisho halihesabiwi kwa sababu muda umeshakwisha, mpinzani wake ndiye anayeshinda, na yule mpinzani ndiye anayemvuta jukwaani wasimame pamoja. Ubingwa wa taifa wa Marekani kwa wanafunzi aliupata 2005, nje ya hadithi ile. Nadhani unaukumbuka ushindi kwa sababu muziki ulikwambia kuwa kashinda.

Mie kazi yangu ni taa na kamera, na tangu mdogo nakaa kwenye mawe ya Ngome Kongwe kila tamasha la filamu la ZIFF likifika, kwa hiyo naomba niseme kidogo kuhusu umbo la filamu hizi. Marekani kuna soko kubwa la filamu za familia za Kikristo. Watu wanatoka kanisani wanakwenda sinema pamoja, wamejaa safu nzima. Hadhira hiyo inataka ushuhuda, na ushuhuda una umbo lake la zamani: nilianguka, nililia, niliinuliwa. Mtunzi hawezi kuukata kabla ya "niliinuliwa", watu watadai fedha zao. Na ile miezi ya mazoezi, ambayo ndiyo habari yenyewe, inabanwa ikawa dakika tatu za wimbo.

Hata hivyo filamu hii ina uaminifu wake. Matukio ya kuteleza kwa mkono mmoja kafanya Bethany mwenyewe. Yule mwigizaji, AnnaSophia Robb, alivalishwa soksi ya kijani mkononi ili mkono ufutwe kwa kompyuta.

#5 Kasa Mweupe
Ahsante kwa sahihisho, Taa. Lakini nimelia kwa haki yangu.

#6 Bi Mkubwa wa Tibirinzi
Mwanangu Mwana wa Wawi, mnajadili sinema, sijaona mtu aliyeuliza goti la mtoto liko vipi. Mumempeleka wapi? Kasemaje dakta?

#7 Mwana wa Wawi
Shikamoo Bi Mkubwa. Tulimpeleka hospitali usiku ule ule, akapigwa picha, mifupa mizima. Tukaambiwa apumzike wiki mbili. Kesho yake mama akamwita mkandaji, mtu anayeheshimika hapa mtaani, akamkanda siku tatu kwa mafuta ya makonyo ya karafuu. Goti likazidi kufura mpaka mkunjo wa nyuma haukuonekana tena. Sasa uvimbe umeshuka, lakini paja limenywea na akiteremka ngazi anasema goti "linamtoka".

#8 Goti la Kulia
Nimesoma "linamtoka" nikaacha chai yangu. Mie kazi yangu ni mazoezi ya viungo. Ndugu yangu, picha ya kawaida inaonesha mifupa. Ligamenti, ule uzi mgumu unaoshika mfupa kwa mfupa, haionekani humo. Mlio, kugeuka bila kuguswa, goti kufura ndani ya saa chache, kisha goti kutoka mahali pake kwenye ngazi: hiyo ni sura ya ligamenti ya mbele iliyokatika, ile wachezaji wanaiita ACL. Siwezi kuthibitisha kwenye simu. Anahitaji mtu wa mifupa aliyezoea magoti amshike kwa mikono yake, na kipimo cha MRI, picha inayoonesha mpaka ligamenti.

Kukanda goti bichi lililofura ni kulichokoza. Siku za mwanzo ni barafu iliyofungwa kwenye kitambaa, bendeji, mguu juu. Mafuta ya makonyo ni mazuri kwa misuli iliyochoka, nami nayatumia, lakini si siku ya pili ya goti lililojaa damu. Simlaumu mama. Angalau yeye alifanya kitu, wengine walimwambia alale.

Kuhusu filamu nitarudi, nina mgonjwa.

#9 Chumvi ya Mkoani
Hakuguswa na mtu, kageuka tu, goti likalia? Na ni winga anayesifiwa? Jamani semeni kweli yenu. Hilo jicho. Mtoto anapigiwa makofi kila jioni, jina lake linaitwa na uwanja mzima, na hana hata kinga moja. Msomeeni. Filamu haiponyi husuda.

#10 Goti la Kulia
Chumvi ya Mkoani, kwa heshima: ligamenti hii mara nyingi hukatika bila mtu kumgusa mchezaji. Anasimama ghafla, anageuka, mguu umekwama chini, mwili unakwenda upande mwengine. Wanawake hukatika zaidi kuliko wanaume kwenye michezo ya namna moja. Kama ni jicho, basi lina mapenzi ya pekee na wanaogeuka.

#11 Chumvi ya Mkoani
Umenieleza "vipi" tu. Mie nimeuliza kwa nini siku ile, na kwa nini yeye. Kageuka mara elfu kabla ya hapo.

#12 Mtegaji wa Dema
Hapa sasa uzi umepata moto. Ninakunja mkeka nikae vizuri.

#13 Sentahafu Mstaafu
Mwana wa Wawi, dogo asikate tamaa. Mkumbushe Fabrice Muamba. Moyo ulisimama uwanjani, dakika 78, nchi nzima ya Uingereza ikamuombea, akafufuka akarudi kucheza, ana kifaa ndani ya kifua mpaka leo. Imani hiyo.

#14 Kasa Mweupe
Safari hii nasahihisha mie. Umewachanganya wawili. Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka 17 Machi 2012 akiichezea Bolton kule White Hart Lane. Ni kweli dakika 78, ni kweli watu waliomba, na daktari wa moyo aliyekuwa jukwaani kama mtazamaji aliruka akaingia uwanjani kusaidia. Lakini hakurudi kucheza. Alistaafu Agosti mwaka ule ule, bado kijana wa miaka ya ishirini. Aliyerudi na kifaa kifuani ni Christian Eriksen, aliyeanguka Juni 2021 kwenye Euro, akarudi 2022 na Brentford.

#15 Sentahafu Mstaafu
Kweli, nimewachanganya. Lakini ngoja. Muamba aliombewa kuliko Eriksen, au sivyo? Magazeti yote yaliandika maombi. Na hakurudi.

#16 Mwana wa Wawi
Sentahafu, hapo ndipo lilipo swali la mdogo wangu. Umelitamka vizuri kuliko mie.

#17 Maalim wa Jang'ombe
Nimepita tu baada ya Isha, nikakuta jambo linalonigusa. Nasomesha vijana, na nusu yao wanakuja chuoni na jezi ndani ya kanzu.

Kwanza, nani aliyesema kuwa maradhi ni hesabu ya sala? Nabii Ayub alikaa katika balaa na hakuna aliyekuwa akisali kuliko yeye katika watu wake. Kijana asiambiwe hata kwa ishara kuwa goti lake ni barua ya lawama.

Pili, tunayo hadithi ya yule bwana aliyemuuliza Mtume, rehema na amani zimshukie, amfunge ngamia wake au amuache na kutawakali, yaani kumtegemea Mungu tu, akaambiwa: mfunge, kisha tawakali. Kwangu mie kumfunga ngamia ni MRI, ni huyu ndugu yetu wa mazoezi. Mnaosoma na kuomba bila ya kufunga, na mnaofunga bila ya kuomba, nyote muna upungufu.

Tatu, na hili ndilo lililonifanya niandike. Sura ya Inshirah inasema "pamoja na uzito upo wepesi". Pamoja. Hizo filamu mnazozisema, kwa nilivyozielewa hapa, zinasema baada. Kwanza uzito dakika tisini, kisha wepesi dakika kumi. Kijana aliye katikati ya uzito anaangalia saa.

#18 GA Mstaafu
Maalim, Mungu akulipe kwa hilo la Ayub. Naomba niseme langu, nami ni mwenye goti.

Nilicheza netiboli, nafasi ya GA, yaani mshambuliaji, skuli mpaka timu ya mtaa, Unguja. Nilikuwa na miaka 19. Niliruka kupokea pasi, nikashuka na mguu mmoja, basi. Hilo goti la Mwana wa Wawi ni langu, hata mlio ni ule ule.

Nyumbani wakasema yote. Jicho, alisema shangazi. Viatu vibovu, alisema kaka. Mchezo haukumfaa mtoto wa kike tangu mwanzo, alisema mtu ambaye sitamtaja. Bibi yangu hakusema kitu. Alimwita ami yake, mzee sana, akaandika kombe, aya za Kurani, kwa zafarani kwenye sahani nyeupe ya kauri, akaikosha kwa mawaridi, nikanywa siku saba. Naikumbuka rangi yake kwenye gilasi, manjano ya jua la alasiri, na ule utamu mdogo unaobaki kooni. Je, ligamenti ilijiunga? Haikujiunga. Lakini kwa siku saba zile nyumba yetu ilijaa watu. Hakuna aliyeniacha peke yangu na goti langu. Nikilala kuna mtu anasoma, nikiamka kuna mtu ameleta uji. Nikaamini kwa moyo wote kuwa nitapona.

Kisha siku arubaini zikapita na watu wakaacha kuja. Hapo ndipo nilipoumia. Kwenye filamu za aina hii watu hawaachi kuja. Kijiji kizima kiko ufukweni mpaka mwisho na mabango yao.

Sikurudi kucheza. Sikupata operesheni kwa wakati. Sasa nina miaka 31, nachezesha, nina filimbi yangu, na kila mechi jicho langu liko kwenye miguu ya wasichana wanaposhuka. Imani yangu ipo. Ila mtu akiniletea filamu ya aliyerudi, namwambia nimeshiba.

#19 Bi Mkubwa wa Tibirinzi
Mwanangu GA, umeniliza. Hao walioacha kuja ni sie. Tunakuja kwa msiba na kwa harusi, ugonjwa mrefu unatushinda.

#20 Taa ya Forodhani
GA, hapo unasema jambo ambalo hata mie sikuliona. Nilidhani uongo wa filamu uko kwenye muda. Kumbe uko kwenye umati.

Lakini niongeze moja kwa haki. Ipo filamu ya 2019, Walk. Ride. Rodeo., ya Amberley Snyder, msichana wa mbio za farasi za kuzunguka mapipa. Alipata ajali ya gari Januari 2010, ana miaka 18, akapooza kiuno kuteremka chini. Mpaka filamu inakwisha hatembei. Anarudi juu ya farasi kwa kufungwa mkanda kwenye tandiko, na mandhari za baada ya ajali kapanda mwenyewe. Kwa hiyo zipo ambazo hazimuahidi mtu mguu.

#21 GA Mstaafu
Bado anarudi kushindana, ndugu yangu. Mkanda au mguu, uwanja ndio jawabu lao siku zote.

#22 Mkaazi wa Maskati
Salaam kutoka Maskati, mie mtu wa Wete kwa asili.

Hakuna aliyetaja fedha, nashangaa. Nilikatika goti nikiwa na miaka 20. Mzee wangu alikodisha mikarafuu yake, msimu mzima, kwa mtu wa mjini, kwa bei ya mtu mwenye shida. Ndiyo iliyonipeleka kwenye operesheni nje. Walitoa ukano nyuma ya paja langu wakautumia kuwa ligamenti mpya. Mwaka ule karafuu zilizaa sana. Mzee alikuwa akikaa barazani jioni anavuta harufu ya karafuu zinazoanikwa na mtu mwengine kwenye majamvi, hasemi neno. Mie niko ndani na magongo.

Mnaniuliza nilirudi kwa imani? Nilirudi kwa sababu nisingeweza kumuangalia mzee usoni kama nisingerudi. Nikacheza misimu miwili mizuri, kisha nikaja huku. Kama hiyo ni imani, sawa. Mie naiita deni.

#23 Sentahafu Mstaafu
Wallahi hiyo ya mikarafuu ndiyo filamu. Itengenezwe.

#24 Mtegaji wa Dema
Mie nitaigiza mtu wa mjini aliyekodi. Sura ninayo.

#25 Chumvi ya Mkoani
Filamu yetu tunayo zamani. Mchezo wa ng'ombe. Baba yangu mdogo alipigwa pembe la paja kule Pujini, kijana, anacheza mbele ya watu na kitambaa chake. Akauguzwa nyumbani, akasomewa, na mwaka wa pili yuko uwanjani mbele ya ng'ombe yule yule. Hakuna mazoezi, hakuna MRI.

#26 Goti la Kulia
Pembe la nyama ya paja hupona, Alhamdulillahi. Ligamenti ya mbele ya goti ikikatika moja kwa moja, kwa kawaida haijiungi yenyewe. Ndiyo tofauti, tusivilinganishe.

Niliahidi nitarudi kuhusu filamu. Nimesoma yote. Maalim, uliposema ngamia nilitabasamu, kwa sababu kuna jambo kazini kwangu ambalo sikulisoma kwenye kitabu chochote. Vijana wakija wiki ya kwanza wanauliza "nitacheza lini?" Nawajibu ukweli: baada ya operesheni si chini ya miezi tisa, na ukiharakisha, hasa wewe kijana, utalikata tena. Wanainamisha kichwa. Wiki ya tatu au ya nne wanauliza swali jengine, kwa sauti ndogo: "Nitakaa tahiyatu lini?" Yaani ule mkao wa sala wa kukunja magoti chini.

Mara ya kwanza nilishtuka. Kisha nikaelewa. Kijana wa miaka 17 anasali juu ya kiti, mwisho wa safu, baina ya wazee wawili. Kila sala, mara tano, watu wanamuona. Uwanjani watu wanamuona mara moja kwa wiki.

Tangu hapo nimeifanya tahiyatu kuwa shabaha yetu ya kwanza. Si mapema, goti lililotoka kwenye operesheni halilazimishwi kukunjika mpaka mwisho, ni miezi. Lakini ni shabaha ambayo kila mtu anaifikia au anaikaribia, hata yule ambaye hatacheza tena. Sijaiona kwenye filamu yoyote.

#27 Maalim wa Jang'ombe
Ndugu yangu wa mazoezi, umenisomesha. Na kwa faida ya kijana: Mtume alimwambia Imran bin Huswein, swali kwa kusimama, usipoweza basi kwa kukaa, usipoweza basi kwa ubavu. Kiti hakipunguzi thawabu yake. Ila nimekiri kuwa sikuwahi kufikiria anavyojisikia mwenye kukikalia.

#28 Kasa Mweupe
Nabaki na msimamo wangu, lakini nauhamisha kidogo. Mnasema filamu inaonesha imani ikirudisha mtu uwanjani. Mie nilichokiona kwenye Soul Surfer ni kuwa asubuhi ile ile baba yake Bethany alikuwa hospitali akingojea operesheni ya goti, goti kama la dogo! Binti akaletwa, akachukua nafasi ya baba yake kwenye chumba cha operesheni. Na aliyemuokoa majini ni baba wa rafiki yake, alimfunga kamba ya ubao juu ya jeraha kuzuia damu. Na alipotaka kurudi, baba yake alimuwekea mshikio kwenye ubao ili aweze kupiga mbizi chini ya wimbi kwa mkono mmoja. Imani ipo, lakini imezungukwa na mikono ya watu. GA, hii si ile nyumba yako ya siku saba?

#29 GA Mstaafu
Ndiyo hiyo. Tofauti ni kuwa wao walikaa zaidi ya siku saba.

#30 Sentahafu Mstaafu
Mimi naona tunatafuta mbali. Tunaye John Stephen Akhwari, Mexico 1968, marathoni. Kaanguka, goti limechanika, kalifunga bendeji, kamaliza wa mwisho kabisa, giza limeingia. Mtanzania huyo.

#31 Kasa Mweupe
Wa mwisho katika waliomaliza, Sentahafu. Walianza 75, wakamaliza 57, yeye wa 57. Kumi na nane waliishia njiani. Mshindi, Mamo Wolde wa Ethiopia, alikuwa ameshafika zaidi ya saa moja kabla.

#32 Mkaazi wa Maskati
Hiyo naipenda, kwa sababu hakuna kupona ndani yake. Goti limeumia na linabaki limeumia mpaka kwenye utepe.

#33 Chumvi ya Mkoani
Ila yeye alikuwa mtu mzima, keshajijua. Huyu ni mtoto wa miaka 17. Mtoto anataka kupona, hataki sifa ya kuchechemea. Na bado hamjanijibu kwa nini siku ile.

#34 Goti la Kulia
Sina jawabu la kwa nini siku ile, Chumvi. Nakiri.

#35 Mwana wa Wawi
Jamani, ahsanteni. Nimempa simu mdogo wangu akasoma uzi wote, kasoma mpaka saa sita usiku. Hakusema mengi. Kauliza mambo mawili: GA alikaa tahiyatu baada ya muda gani, na Mkaazi wa Maskati mzee wake aliikomboa ile mikarafuu?

Bibi naye, kwa mnaomuulizia, ametusikia tukisoma kwa sauti ile habari ya mshikio kwenye ubao. Kasema: "Kumbe baba yake alimtengenezea kitu. Nyie mumemtengenezea nini?" Nikatoka hapo hapo kwenda kwa fundi seremala, kanipigia kidaraja cha mbao cha kupanda na kushuka, kama nilivyoona kwenye video. Alhamisi tunapanda boti kwenda Unguja, na ikibidi Dar, kwa ajili ya MRI.

#36 GA Mstaafu
Mwambie miezi saba, na mimi sikufanyiwa operesheni, nilijifanyia mazoezi ya ovyo ovyo. Goti langu lilikuwa la kushoto, mguu unaokaliwa. Lako lipi, mdogo wangu?

#37 Mwana wa Wawi
La kushoto. Yeye mwenyewe ndiye anayeandika hapa.

#38 Mkaazi wa Maskati
Mikarafuu ilirudi msimu uliofuata, ilikuwa ya kukodi tu, si ya kuuza. Mwambie mzee alichuma mwenyewe mkono wa kwanza.

#39 Goti la Kulia
Kijana, kidaraja kiweke uvunguni mwa kitanda. Usipande kitu chochote mpaka goti linyooke lote na ushikwe na mtu anayejua. Kwa sasa: lala chali, kunja taulo uliweke chini ya goti, libonyeze taulo kwa nguvu ya paja, hesabu mpaka tano, achia. Mara kumi asubuhi, mara kumi jioni. Ukibonyeza sawasawa, kisigino kitainuka kwenye godoro. Kikiinuka niandikie.

#40 Mwana wa Wawi
Ni mimi mdogo wake. Kimeinuka. Kiasi cha unene wa kidole.